Udongo wa Iqbal

Siku ya kumi na moja, Mzee Nurudin alisukutua kwa maji ya ndoo, akatema, akasema chumvi ya leo imezidi ya jana.

"Tumeingia maji mazito, Mzee," alijibu Luhaga kutoka kwenye usukani.

Mzee akaitikia kwa kichwa, akamaliza kutawadha. Safia, bintiye, akamshika mabega akamgeuza kibla, maana macho yake yalizima miaka minne iliyopita. Jua lilimpiga shavu la kulia. Lilimpiga hapo hapo kila asubuhi tangu waondoke.

Ujanani alikuwa mpishi kwenye yoti, zile boti za matanga ambazo matajiri husafiria mwezi mzima bila kuona nchi kavu. Yeye ndiye aliyemwingiza mwanawe Iqbal kwenye kazi hiyo. Mwaka juzi Iqbal alishikwa na homa safarini, siku ya kumi na moja kutoka Dar, akafa. Wenzake wakamsalia, wakamvika sanda ya kitambaa cha tanga, wakamshusha majini. Nahodha akaleta nyumbani Kiseke, Mwanza, begi lake, na karatasi yenye namba za mahali pale.

Tangu hapo Mzee alitaka jambo moja tu: kumtupia mwanawe udongo. Akachota kwenye kaburi la mama yake Iqbal, akautia kwenye kopo la majani ya chai, akawa analala nalo. Daktari alisema moyo ule hautafika hata Singida. Mzee akasema basi na uzimikie njiani. Safia alilia siku mbili. Ya tatu akakubali, akaenda Igoma kumtafuta Luhaga, fundi wa boti.

Waliondoka kwa gari. Walipopita Usagara, nje kidogo ya mji, Mzee alikuwa ameshameza dawa na kulala. Alipoamka alisikia mawimbi, na Safia akamwambia wako Dar, boti iko tayari.

Maisha yakawa ya zamu. Luhaga usukani, Safia jikoni, Mzee kwenye kamba za tanga, ambazo vidole vyake havikuwa vimezisahau. Kila mchana Safia alimsomea daftari la safari: upepo, mawimbi, namba za walipofika, naye akisikiliza ameinamisha kichwa. Maji ya kunywa yalipimwa, vikombe vitatu kwa mtu, na aliyeomba cha nne alitaniwa mpaka jioni. Wakimpa samaki wakamwambia ni changu wa baharini, alinyonya mifupa bila neno.

Siku moja akawasimulia safari yake ya kwanza. Kijana wa Mwanza, kiu imembana, akainama ubavuni mwa boti, akachota kikombe, akagugumia kama alivyozoea ziwani kwao tangu utotoni. Ilibaki kidogo atapike maini. Nahodha alicheka mpaka meno yake ya bandia yakadondokea baharini, akanywa uji mpaka Bombay.

"Mtu wa kwetu akiona maji mengi," Mzee alisema, "anadhani yote yananyweka."

Luhaga alicheka. Safia hakucheka.

Adhuhuri ya siku hiyo ya kumi na moja, Safia alisoma namba za kwenye karatasi ya nahodha. Alikatiza katikati, akaanza upya.

"Tumefika, baba."

Luhaga akashusha tanga. Boti ikatulia. Mzee alifungua kopo lake, akamwaga konzi tatu, polepole, akinong'ona dua kwa kila konzi. Udongo ulitawanyika juu ya maji, ukazama.

"Mimi ndiye niliyekupeleka, Iqbal," alisema. "Nisamehe, baba."

Akalia kwa mara ya kwanza tangu karatasi ile ifike Kiseke. Alilia muda mrefu, na Safia akalia naye, na Luhaga akajifanya anafunga kamba iliyokwisha kufungwa.

Kisha Mzee akapapasa mpaka akapata kikombe chake cha bati. Akainama ubavuni mwa boti, akachota, akanywa chote. Akachota tena, akampa Safia.

"Kunywa, mama, umelia sana. Halafu mwambie Luhaga ageuze, jioni tukale Kiseke."