Mkono Ndani ya Kizimba

Zawena alipomaliza shahada ya biolojia, kazi aliyoipata ni kulisha mbu wa maabara, wasio na ugonjwa. Kila asubuhi aliingiza mkono ndani ya kizimba cha chandarua, akakaa peke yake wakimnyonya damu. Siku moja simu ililia mbu wakiwa wametanda mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mjomba wako amekupatia nafasi benki! Hao wadudu waache leo hii."

Zawena aliwatazama mbu, matumbo yao yakivimba, mekundu. Tangu ahamie mji huu, hakuna kiumbe mwingine aliyemgusa.

"Ngoja kwanza wamalize kula, mama."

Alikata simu, akakunja mkono wa kushoto wa blauzi, akauingiza mkono huo nao kizimbani.