Maua Chini ya Fyekeo

Kwa miaka ishirini Mbonea alifyeka nyasi za uwanja wa Mama Nakijwa kila Jumamosi, mvua inyeshe isinyeshe. Safari hii homa ilimlaza mwezi mzima. Aliporudi na fyekeo lake, akihofia kufukuzwa kazi, alikuta ukungu ukiinuka juu ya maua tele: meupe, ya zambarau, mengine madogo kama punje za ulezi.

"Umeyapanda lini haya?" Mama Nakijwa aliuliza kutoka barazani, taratibu.

"Sikuyapanda, mama. Yalikuwamo siku zote. Mimi ndiye niliyekuwa nikiyawahi kabla hayajachanua."

Mama akashuka hadi ukingo wa baraza, akayatazama maua. "Basi fyeka kijia tu, nipite."

Mbonea akavua mabuti. Akainama, fyekeo mkononi, akitafuta pa kuanzia. Hakupaona.