Sababu ya Kuondoka

"Sasa mfute mwanachama mmoja, nione," mwalimu wa kompyuta alisema.

Lynnet alishika kipanya. Hii ilikuwa kazi yake ya mtihani wa kidato cha nne: programu ya kupanga zamu za akina mama wa Lambwe wanaolimiana mashamba. Majina aliyoyaingiza mwezi wa tatu yalikuwa ya watu wa kweli, wenye majembe ya kweli. Mama yake alikuwa wa saba.

Walimzika Jumamosi. Mwalimu alishampa pole. Hakujua majina yale ni ya nani. Kichwa cha Lynnet kilikuwa kimenyolewa, kama ilivyo desturi ya kwao mtu akifiwa, na upepo wa feni ulimpapasa utosini mpaka nyuma ya masikio. Hakusikia uchungu. Alisikia baridi tu.

Akabofya jina la saba.

Programu ikauliza sababu ya kuondoka. Orodha ya sababu aliiandika mwenyewe jikoni, mama akisonga ugali na kumwelekeza: "Nyathina, mwanangu, mtu huacha kikundi akihama, ama akichoka."

Basi sababu zilikuwa mbili. Amehama. Amejitoa.

Lynnet akachagua "Amehama."

Jina likatoweka. Wa nane akapanda akawa wa saba, na zamu ya Alhamisi ikawa yake.

"Safi kabisa," mwalimu alisema, akiandika alama. "Lakini mtahini atakuuliza: hakuna sababu nyingine ya mtu kuondoka?"

Kidole cha Lynnet kilikuwa bado juu ya kipanya.

"Hakuna, mwalimu."