Chakula Kilichobaki Tangini

Nilizamisha mkono hadi kiwiko katika tangi la samaki wachanga, nikautoa umejaa chakula kilicholoa.

Asubuhi ile, mbele ya wafanyakazi wote, nilikuwa nimemfukuza shemeji yangu, mlishaji, nikimwita mwizi wa chakula kwa kuwa samaki walikonda kama njiti.

"Kaka, mume wangu alikuwa anawalisha," dada yangu alisema. "Hawali tu. Si alikwambia? Wakati wa joto maji huwa ya kijani, wanapata kivuli. Baridi hii maji ni kioo. Tangi jeupe linawatisha, na chakula chenyewe cheupe hawakioni. Wale wa lile tangi jeusi la pili, wanaokula chakula hichohicho, mbona wamenona?"

Rangi nyeupe niliichagua mimi. Katika bweni la shule nilikolelewa, weupe ndio uliokuwa usafi, na usafi haukuwa na mjadala. Punje za chakula zilifanana na sakafu ya tangi kiasi kwamba hata mimi, niliyekagua kila siku, sikuziona. Sasa zilinivujia vidoleni, laini kama uji.

"Yuko wapi?"

"Getini, na masanduku. Ananisubiri tuondoke."

"Piga kengele," nilisema. "Waje wote waliokuwapo asubuhi. Mumeo asimame pale niliposimama mimi nikimfukuza, nami nimwombe radhi mbele yao."