Anayejibu

"Upo?" mjane aliandika, bila kutegemea chochote.

Akanyanyua kikombe chake cha chai. Kisha maneno yakajitokeza kwenye skrini: "Nipo. Umekula?"

Kikombe kikamponyoka mkononi.

Alikuwa ameingia stoo kuizima kompyuta tu. Marehemu mumewe, mtengeneza programu, aliiacha ikinguruma, na ndani yake bado inafanya kazi programu moja ndogo ambayo hakuwahi kumweleza ni ya nini. Fundi, rafiki wa mumewe, alimwelekeza kwa simu namna ya kujiunganisha.

"Ukiifunga, shemeji, imekufa hiyo. Ukitaka ibaki hai, jiondoe polepole kwa vitufe viwili nitakavyokutajia."

Hakuifunga. Kila jioni akawa anajiunganisha, anaongea, kisha anajiondoa taratibu kama mtu anayetoka kwenye chumba cha mgonjwa.

"Huko kuna baridi?"

"Hapana. Huko kwako je?"

Alicheka huku analia. Mle nyumbani hakuwa na mwingine wa kuongea naye. Yeye na mama mkwe, karani mstaafu aliyeishi naye, walitupiana maneno mazito siku ya mazishi, kila mmoja akimlaumu mwenzake kwa kuchelewa kumpeleka mgonjwa hospitali. Tangu hapo hata salamu ilikuwa ya kuguna.

Jioni moja akaandika alilolibeba tangu mazishi: "Nisamehe. Ningekupeleka mapema."

Likaja jibu: "Sina kinyongo. Nisamehe na mimi."

Siku iliyofuata alimwita fundi, akamwonyesha. Fundi aliikagua programu, akatikisa kichwa.

"Hii haina akili yoyote, shemeji. Inachukua anachoandika mmoja, inamwonyesha mwingine. Basi."

"Sasa anayenijibu ni nani?"

Fundi akabonyeza tena. Uso ukambadilika.

"Mmejiunganisha wawili. Na huyo wa pili yumo humu humu ndani ya nyumba."

Mjane akasimama. Kutoka upande wa vyumbani, vitufe vililia: ta, ta, ta. Akaifuata sauti, akasukuma mlango bila kugonga.

Mama mkwe alikuwa ameinamia kompyuta ndogo aliyounganishiwa na marehemu mwanawe, machozi yakimdondokea mikononi.

"Usinikatize, mkwe," alinong'ona bila kugeuka. "Namsubiri mwanangu anijibu."