Swali Lisilo la Uchumi

"Muulize anarudi kilima gani," alisema Elikana.

Telesphory, mkalimani wake, alimtazama kwa mashaka. Tangu asubuhi kazi ilikuwa bei ya dagaa: wanatokaje mwaloni Kibirizi, wanafikaje hapa kambini, faida anakula nani. Sasa kilima kinahusiana nini na uchumi? Lakini msomi ni msomi. Elikana, mtu wa Tabora kwa maelezo yake, alikuwa anasoma uchumi Ulaya kwa ufadhili unaotolewa kwa Watanzania pekee. Telesphory mkimbizi, hata kufika mjini, soko la Mwanga, lazima aombe kibali. Akameza wivu wake, akatafsiri.

Marcelina, mama wa makamo muuza dagaa, aliacha kupanga mafungu yake. Kambi ilikuwa inafungwa, na wiki hiyo angepandishwa lori kurudishwa Burundi, ambako kilima ndicho kijiji, na mtu hutafutwa kwa kilima chake. Maofisa walikuwa wamemuuliza swali hilohilo, akawanyamazia. Miaka yote alijiandikisha kuwa hana mtoto. Akishuka kwenye lori hilo, nani angejua amefikia wapi?

Alimtupia jicho dereva aliyemleta Elikana, aliyesimama mlangoni. Halafu, kwa Kirundi, akauliza yeye: huko Ulaya kijana anapikiwa na nani?

"Najipikia," Elikana alijibu baada ya kutafsiriwa. Kisha, bila kuulizwa, akaeleza kwamba Jumapili wenzake huenda makwao, bweni likabaki tupu, naye hushinda kutwa nzima bila mtu wa kumwita kwa jina. Upweke ulikuwa unammaliza.

Telesphory alitafsiri, na wivu ukamwisha palepale. Kumbe hata mwenye ndege ya kupanda anaweza kukosa wa kumsalimu.

Marcelina alijifuta macho kwa upindo wa kitenge, akakitaja kilima chake, juu kidogo ya mji wa Rumonge, ziwa likionekana lote. Elikana hakuandika. Alilirudia jina lile kimoyomoyo, midomo ikicheza.

Dereva alienda kuwasha gari. Elikana akasimama, lakini hakutoka.

Marcelina alisema maneno mengi kwa sauti ya chini: avae sweta, ale vizuri, masomo asiyaache hata akisikia nini kutoka Burundi. Telesphory akamgeukia kijana.

"Mama anasema..."

Marcelina akamshika mkono. "Acha, baba. Kirundi nilimfundisha mimi, hata meno alikuwa hajaota."