Hondohondo Aliyezibwa Tunduni

Jumanne, saa kumi na nusu alasiri, Hondohondo jike aliingia katika tundu la mti ili mumewe amzibe kwa udongo, kama hondohondo wote wanavyofanya wakati wa kutaga. Humo angekaa mpaka makinda wakue, naye mume angemlisha kupitia ufa mwembamba.

Lakini alisita, kichwa kikiwa bado nje. "Baba watoto, mto umebaki tope tupu, nzige wamemaliza matunda, na kule mlimani naona moshi. Utanilisha nini?"

"Wewe nawe, kila siku kuhesabu mabaya! Mungu yupo. Ingia ndani," akasema mume huku akikandika.

Jua lilipotua, Kuchakulo, yule kindi jirani mwenye domo, alichungulia ufani. "Shoga, yule bwana wa imani karuka! Nimemwona akivuka bonde bila kugeuka nyuma. Moto unakuja huku. Gonga utoke, udongo bado mbichi."

Hondohondo alisogeza jicho ufani. "Huko alikokwenda kuna nini?"

"Ukame. Nzige. Wanasema na moto pia."

"Basi nitoke niende wapi na mayai tumboni?"

"Kwani wewe unaamini utapona?"

"Siamini," akasema Hondohondo. "Kimbia, shoga, una miguu mizuri."

Usiku kucha alinusa moshi ukizidi kuwa mzito. Asubuhi iliyofuata alitaga yai la kwanza, akaligeuza taratibu, kisha akakandika kwa kinyesi chake pale ambapo udongo wa mumewe ulikuwa mwembamba.